Drili ya kusimama kwenye karakana ya magitaa: tundu limetoka bovu, tatizo liko wapi?

Nianze na kitu ambacho kimenilia shingo mbili za mninga ndo nikakielewa. Drili ya kusimama inatoboa wima kwa meza yake, haitoboi wima kwa gitaa lako. Meza ni bapa, gitaa karibu lote sio bapa: kichwa kimelala nyuma, mgongo wa shingo ni mviringo, ubao wa freti (ule wenye vile vyuma vyembamba unapobana nyuzi) una mbinuko, kisigino cha shingo, pale inapoungana na bodi, kinaning'inia. Kwaiyo ukiona tundu limetoka bovu usikimbilie kusema mashine ni feki, na wala usianze kuweka hela ya kununua kubwa zaidi, kwanza jiulize mbao ilikuwa imekaaje pale mezani. Mara nyingi jibu liko hapo hapo. Zinazobaki ni biti, koni ya chaki na umeme, tutazifikia.

Naongelea mashine ndogo za kuweka juu ya benchi, zile za inchi 8 au 10 ambazo wengi wetu ndo tunazo. Na nikisema chaki namaanisha ule mdomo wenye meno matatu unaobana biti, nikisema bomba namaanisha ile sehemu ya chuma inayoshuka na chaki ukivuta mpini, na koni ni pale palipochongoka ambapo chaki inajishikiza kwenye mashine.

Kabla hujalaumu kitu, piga kipimo cha waya

Hiki kipimo ni cha dakika tano na hakina gharama. Chukua waya mgumu, fimbo ya kuchomelea iliyogongwa unga wake ukatoka inafaa sana, ikunje mara mbili iwe inashuka kutoka kwenye chaki, inaenda pembeni kama sentimita kumi, alafu inashuka tena mpaka ncha iguse meza. Chomoa plagi. Bana waya kwenye chaki, pandisha meza au ishushe mpaka ncha iguse kidogo tu, alafu zungusha chaki kwa mkono mzunguko mzima. Ncha ikigusa kulia na ikaacha mwanya kushoto, meza imelala, kuna bolti kubwa chini ya meza, ilegeze, sawazisha, kaza, rudia. Usiamini kile kibandiko chenye namba za digrii, mimi changu kinasema sifuri wakati meza imeinama kabisa.

Ikigusa mbele na kuacha nyuma hapo mashine nyingi hazina pa kurekebisha. Dawa yake ni kuweka meza ya mbao juu ya ile ya chuma, ubao wa MDF au plaiwudi nene, na kupachika vipande vya karatasi chini yake upande uliozama mpaka waya uguse sawa pande zote. Hiyo meza ya mbao utaihitaji tu, maana meza ya chuma yenyewe ni ndogo mno kwa bodi ya gitaa.

Alafu kuna kuinama ambako waya hauoni, meza inakaa sawa ukiwa hujaikandamiza lakini ukivuta mpini kwa nguvu inazama mbele. Simamisha skwea pembeni ya biti, mwambie mwenzio akandamize ukingo wa meza, utauona mwanga unafunguka. Kata gongo la mbao lisimame kati ya kitako cha mashine na chini ya meza, limeisha hilo. Utalihitaji tena kwenye freti.

"Matundu ya vikaza nyuzi mbele yamenyooka, nyuma yanaenda zigizaga"

Hili ndo lalamiko namba moja, na karibu kila mara mashine haina kosa. Mtu ameshachonga shingo, ameshaupiga mgongo wa kichwa msasa, ndo anakumbuka kutoboa. Mgongo ulioshapigwa msasa kwa mkono haulingani tena na uso wa mbele, upande mmoja unakuwa na milimita 14 mwingine 13, ukiulaza mezani uso wa mbele unakuwa umeinama na kila tundu linaingia kwa mshazari wake.

Toboa mapema. Matundu ya vikaza nyuzi yatobolewe wakati kichwa bado kina nyuso mbili zinazolingana, kabla ya kuchonga shingo, kabla ya kukata umbo la mwisho. Huo ndo mpangilio wa kazi unaookoa kila kitu na hauhitaji kifaa chochote.

Kama umechelewa na shingo imeshachongwa, basi uso wa mbele ndo uwe rula yako. Kwa vichwa vilivyolala nyuma, vya digrii 14 hadi 17 kama vile vya magitaa ya Gibson au ya klasiki, ukisawazisha kichwa shingo nzima inateremka kwenda chini, haiwezi kukaa juu ya meza. Weka gogo nene kwenye ukingo wa meza, kichwa kilale juu ya gogo, shingo ining'inie nje, na hapa watu wengi wanasahau: shingo ina uzito na inakinyanyua kichwa kama mzani, kwaiyo kisigino lazima kishikwe na kitu chini, au mtu akishikilie. Weka skwea kwenye uso wa kichwa ilinganishe na biti, pachika karatasi chini mpaka zilingane, bana na klampu, ndo utoboe. Kila tundu upime upya, mgongo haulingani mahali pote.

Kama mstari umepinda hata kwa mbele, hilo ni jambo jingine, biti ilitembea ilipogusa mbao. Biti ya chuma, ile ya ncha ya mviringo, ikigusa mninga wenye mistari laini na migumu inateleza kwenda kwenye laini. Tumia biti ya mbao yenye ncha katikati na vikwaruzo viwili pembeni, alafu kila alama ipigie shimo dogo kwa msumari ulionolewa. Mimi nina kigezo cha plastiki ngumu chenye matundu sita ya milimita 2, nakibana kichwani napiga alama zote, nakitoa.

"Vikaza nyuzi vya klasiki vinazunguka kwa shida"

Watu wanapaka mafuta, wanabadilisha seti nzima, wananunua za bei zaidi, na bado ngumu. Kabla ya kutumia hela fanya hivi. Toa seti kwenye gitaa, izungushe mkononi. Ikizunguka laini, seti ni nzima, kosa liko kwenye matundu yako. Irudishe, zungusha skurubu zikiwa zimelegea, alafu zikaze moja moja huku unazungusha. Itakapoanza kukaza ndo umejua sahani inalazimishwa kufuata matundu ambayo hayako sawa.

Rola za klasiki, zile fimbo nene ambazo nyuzi zinazungushiwa, mara nyingi ni milimita 10 na umbali wa katikati hadi katikati ni milimita 35, na kwa kuwa zote tatu zimefungwa kwenye sahani moja hakuna kusamehe, tundu moja likikosea nusu milimita linazibana zote. Kujua lipi limekosea, chukua mabomba au fimbo tatu zilizonyooka za milimita 10, ziingize kwenye matundu matatu, alafu simama ziangalie kwa jicho moja. Zinatakiwa kwenda sambamba. Ile inayoelekea kwake peke yake ndo mkosaji, na utaona kama imekosea kwenda juu na chini au imekosea umbali. Kuna sababu ya tatu ambayo haionekani kwa fimbo: tundu halina kina, ncha ya rola inagota ukuta wa kati na sahani haikai chini vizuri. Pima kina kwa kijiti.

Chanzo cha hayo yote ni kilekile, ubavu wa kichwa cha klasiki unapunguzwa uwe mwembamba kwenda juu, ukisimamisha kichwa kwa ubavu ulioshapunguzwa tundu linaingia kwa pembe. Toboa matundu ya rola wakati ubavu bado ni mraba na uso, na kabla ya kufungua zile nafasi mbili ndefu za nyuzi, ili biti ipite kwenye mbao imara mwanzo mpaka mwisho. Ukifungua nafasi kwanza, biti inavuka uwazi na inatua ukuta wa pili ikiwa haijashikwa, hapo inaamua yenyewe inakwenda wapi.

Tundu lililokosea lizibe kwa kijiti cha mbao ileile, gundi, subiri ikauke kabisa kesho yake, toboa upya. Kulipanua kwa faili sikushauri, rola inakuwa na nafasi ya kuhama nyuzi zikivuta.

"Natumia biti ya 10 tundu linatoka 10.4, au linakuwa kama yai"

Chomoa plagi, bana biti mpya ya milimita 6 kwa kuigeuza juu chini, shina liwe chini, sogeza ncha ya penseli iliyofungwa mezani iwe karibu kugusa, zungusha kwa mkono. Mwanya ukifunguka na kufunga, chaki inayumba. Badilisha biti ujaribu tena, kuna siku ni biti tu imepinda na unahangaika bure. Ikibaki vile vile, toa chaki kwenye koni yake, mara nyingi utakuta unga wa mbao au kijipande cha chuma kimejibana mle, kinasukuma chaki upande. Futa koni ya kiume na ya kike kwa kitambaa na thina mpaka ving'ae, vikauke, rudisha. Usipake mafuta humo ndani hata tone, koni inashika kwa sababu ni kavu.

Kama chaki haiyumbi lakini tundu bado kubwa, shusha bomba mpaka mwisho, lishike lisukume mbele na nyuma. Mashine ndogo nyingi bomba linacheza, na linacheza zaidi kadiri linavyoshuka. Kwaiyo usitoboe na bomba limetoka lote, pandisha meza juu, biti iwe karibu na mbao, shusha kidogo tu. Hiyo peke yake ilinipunguzia tatizo kuliko kitu kingine chochote.

Na kama vyote hivyo viko sawa basi mbao ndo inayosogea mkononi mwako. Klampu.

"Nataka kupanua tundu la 8 liwe 10, biti inaruka inachana"

Ni lazima iruke. Biti ya mbao inajiongoza kwa ile ncha ya katikati, na katikati pa tundu la zamani hakuna mbao, ncha inaelea hewani, vikwaruzo vinakamata upande wenye mbao ngumu na kuvuta. Hili linakuja sana kwenye matengenezo, gitaa la zamani lenye vikaza vya mtindo wa zamani mwenye nalo anataka vipya vinavyohitaji milimita 10. Njia ni tatu: rima ya mkono ya koni, kile kifaa chenye makali cha kupanulia tundu, unazungusha polepole mbele na nyuma, hii ndo salama kuliko zote kwenye gitaa lenye rangi. Au ziba kwa kijiti utoboe upya. Au bana juu yake kipande cha plaiwudi chenye tundu la 10 lililokaa sawasawa, biti iongozwe na lile tundu la juu badala ya ncha. Ukienda hiyo ya tatu kichwa kibanwe kweli kweli.

Kwa sababu hiyohiyo usitoboe tundu dogo la kuongoza kabla ya biti ya mbao. Kwenye chuma ni sawa, kwenye mbao unaitolea ncha kazi yake.

Mbao inanyofoka nyuma, au rangi inabanduka mbele

Nyuma: hukuweka kipande chini, au uliweka chenye matundu ya jana ambayo biti inapita katikati ya uwazi. Sogeza kipande kila mara biti itue pazima. Njia nyingine, toboa mpaka ile ncha tu ichungulie nyuma, geuza, malizia kutoka nyuma. Rangi mbele: anza kwa kuzungusha chaki kinyume kwa mkono, plagi ikiwa nje, vikwaruzo vikate rangi bila kuichimba, alafu ndo uwashe. Utepe wa karatasi (masking tape) juu ya rangi unasaidia kidogo ila hautoshi peke yake.

Moshi, harufu ya kuungua, tundu jeusi ndani

Kasi. Watu wanaacha mkanda kwenye puli ileile miaka yote. Kwa biti ya milimita 3 kasi ya mizunguko 2500 hadi 3000 kwa dakika iko sawa, kwa ya milimita 10 shuka kwenye 1500 hivi, na kwa Forstner (biti pana inayochimba tundu lenye kitako bapa) ya milimita 22 ya tundu la jeki, pale unapochomeka waya wa gitaa, nenda 600 au chini kwenye mbao ngumu. Kikata duara chenye mkono mmoja, kile cha kukatia urembo wa kuzunguka tundu la sauti, kiende kasi ndogo kabisa ambayo mashine inayo, kina uzito upande mmoja na kikipewa kasi mashine nzima inatembea. Vidole mbali, ule mkono ukizunguka hauonekani.

Mpingo ni habari yake. Ni mzito kiasi kwamba kipande kinazama majini, una mafuta, unga wake unajikusanya kwenye mifereji ya biti na kugeuka gundi, alafu biti inachoma badala ya kukata. Shuka milimita mbili tatu, panda utoe unga, shuka tena. Biti isiyo kali haifanyi chochote kwenye mpingo zaidi ya joto, na joto linapasua briji, kile kipande juu ya bodi kinachoshika nyuzi. Vaa barakoa, unga wa mpingo unawasha pua na ngozi vibaya, mimi nimekuwa na vipele mikononi wiki nzima. Glavu lakini HAPANA, kitambaa kikikamatwa na biti kinavuta mkono wote.

Chaki imedondoka huku inazunguka

Kama imekutokea huwezi kusahau. Kwangu ilikuwa na ngoma ya msasa, nasawazisha ubavu wa shingo, nasukuma mbao pembeni kwa nguvu, chaki ikatoka kwenye koni na ngoma yake ikaruka ikatua juu ya bodi iliyokuwa imeshapigwa msasa wa mwisho.

Sababu ni moja, koni imetengenezwa kushika nguvu inayosukuma juu. Nguvu ya pembeni inaitikisa kidogo kidogo mpaka inajiachia. Ngoma ya msasa unaweza kuitumia kwa mkono mwepesi sana na kwa kukagua koni kila mara. Ile Safe-T-Planer ya Wagner, ile sahani yenye visu vitatu ambayo mafundi wa magitaa wanaipenda kwa kupunguza unene wa vichwa na mbao za mgongo, inafanya kazi nzuri lakini nayo inasukuma pembeni, peleka kidogo kidogo, nusu milimita hadi moja, ukiisukuma mbao dhidi ya mzunguko wa visu, na kasi kubwa 3000 kwenda juu. Ukiona inaacha ngazi ngazi, rudi kwenye waya, meza yako imelala.

Biti za ruta, ile mashine ya mkono ya kuchimbia mbao, kwenye drili ya kusimama usiweke. Ruta inazunguka elfu kumi mpaka elfu ishirini na zaidi, drili inafika elfu tatu hivi, biti haikati inararua, na inasukuma pembeni muda wote. Kuchimba nafasi ya pikapu (kile kifaa cha sumaku kinachonasa sauti ya nyuzi), ondoa mbao nyingi kwa Forstner huku stopa ya kina imefungwa, kumbuka ncha yake inatangulia milimita kadhaa mbele, alafu malizia kwa ruta yenyewe au patasi.

Kurudisha chaki: safisha koni, rudisha meno yote ndani ili yasigongwe, weka kipande cha mbao chini, gonga chaki kutoka chini kwa nyundo ya mbao mara moja mbili. Gundi usiweke, siku utahitaji kuitoa.

Mota inaunguruma haizunguki, au inazunguka kinyonge

Ukiisaidia puli kwa kuisukuma na kijiti ikaondoka, kapasita ya kuwashia imekufa au swichi yake ya ndani imekwama. Kapasita inashika umeme hata plagi ikiwa nje, mpe fundi umeme kama hujui kuimaliza chaji. Kama inasumbua jioni tu watu wakiwasha vitu vyao, ni volti zimeshuka, pima kwenye soketi yenyewe mashine ikiwa inafanya kazi, sio ikiwa imezimwa. Waya mrefu mwembamba wa kuunganishia nao unakula volti.

Kwa wenye mashine za mtumba: soma kibati cha mota. Za Marekani ni 60 Hz, umeme wetu huku ni 50 Hz, hata ukiweka transfoma ya volti bado mota itazunguka pungufu ya moja ya sita, ile ya mizunguko 1725 kwa dakika inakuja kwenye 1425 hivi, na inapata joto zaidi. Za Japan ni volti 100 ila nyingi zimeandikwa 50/60 kwa sababu Japan yenyewe ina zote mbili, mashariki 50 na magharibi 60, kwaiyo transfoma inatosha.

Mtetemeko: mkanda uliokaa miezi bila kuzunguka unashika umbo la puli na unagonga, uache uzunguke dakika kumi. Ukiendelea, weka rula ndefu kwenye puli zote mbili uone kama ziko mstari mmoja.

Dots za freti zina mwanya pembeni

Dots ni zile alama za mviringo zinazopachikwa kwenye ubao wa freti. Pima dot kwa vernia kabla ya kununua biti. Zinazouzwa kama 6 nyingine ni 6.35. Toboa kwenye kipande kwanza. Na toboa wakati ubao wa freti bado bapa, kabla ya kuutia mbinuko.

Briji: mashine haifiki katikati ya bodi

Mashine ya inchi 10 maana yake inafika katikati ya duara la inchi 10, yaani kutoka nguzo mpaka biti ni inchi 5, kama milimita 127. Bodi ya gitaa la akustiki sehemu pana inafika milimita 380 hadi 400, briji iko katikati, haifiki hata ufanyeje. Toboa matundu ya pini (zinazobana miisho ya nyuzi) kwenye briji kabla ya kuigandisha, ikiwa bapa juu ya kipande kizima, kwa biti ya 4.8 hivi, alafu baada ya kugandisha yafuate hayo kwa drili ya mkono kupita mbao ya juu, na rima ya koni umalizie kwa pini zenyewe ukijaribu moja moja. Briji ikipasuka kutoka tundu hadi tundu, angalia kama matundu yote sita umeyapanga juu ya mstari mmoja wa mbao, alafu pini zikagongwa kwa nguvu. Pini inatakiwa kuingia kwa dole gumba.

Freti zinanyanyuka

Drili ya kusimama inakandamiza freti vizuri kuliko nyundo, plagi ikiwa nje muda wote. Unabana kwenye chaki kishikio chenye kipande cha shaba kilichochongwa mbinuko uleule wa ubao wako. Freti ikinyanyuka miisho, waya wake hukuukunja vya kutosha, unatakiwa uwe na mkunjo kidogo zaidi ya ubao ili miisho iguse kwanza. Ikinyanyuka katikati, safisha mfereji, kuna unga chini, au umekunja kupita kiasi. Ikikaa vizuri freti ya kwanza mpaka ya kumi alafu zinazofuata zinagoma, shingo haijashikwa chini, weka kitanda cha mbao chenye umbo la mgongo wa shingo moja kwa moja chini ya chaki, na lile gongo la chini ya meza. Usining'inie kwenye mpini, meno ya gia yake ni madogo.

Matundu ya nyuzi yanayopita bodi nzima, nyuma yametawanyika

Hapa biti ya milimita 3 inapita milimita 45 za mbao, hata mashine nzuri biti itapinda ndani. Mtindo wa Telecaster, lile gitaa la umeme la Fender, una nyuzi sita kwenye milimita 54, yaani 10.8 kati ya uzi na uzi, na vile vikombe vya chuma vya nyuma vinavyoshika miisho ya nyuzi vikikaa ovyo jicho linaviona ukiwa mbali.

Bana ubao bapa kwenye meza. Toboa tundu la milimita 3 kwenye ubao huo, alafu usiguse meza wala ubao tena mpaka umalize kazi. Toboa matundu sita kutoka mbele ya bodi, nusu ya unene tu, bodi ikiwa imekingwa na kipande ili lile tundu la ubaoni lisiharibike. Sasa chukua kipande cha shina la biti ya 3, kisimamishe kwenye lile tundu la ubao, kichungulie milimita tano. Hicho kijiti kiko chini kabisa ya biti, mstari mmoja. Geuza bodi, tundu la mbele likae juu ya kijiti, shusha biti kutoka nyuma, zitakutana katikati. Hamisha bodi, tundu linalofuata likae juu ya kijiti, mpaka sita. Kisha bila kutoa kijiti badilisha biti uweke ya vikombe, stopa ya kina ifungwe, rudia sita zote.

Kama hazikutani, waya wa kupima umeuruka, au meza imeguswa.